Nina mimba na kinga yangu ni pungufu tangu kuzaliwa: je, niache dripu?

SWALI: Assalaam aleikum daktari. Niko Amu, mtaa wa Langoni. Nina miaka 27 na mimba ya wiki 11, ya kwanza. Miaka mitatu nyuma, baada ya nimonia kunirudiarudia, niliambiwa Mombasa kwamba nina CVID, yaani mwili wangu hautengenezi kingamwili za kutosha. Tangu hapo natundikiwa dripu ya imunoglobulini kila wiki nne. Mavyaa wangu anasema mwanamke akishika mimba kinga yake hushuka yenyewe ili mwili usimkatae mtoto, kwa hiyo mimi ambaye yangu iko chini tayari ndiye salama zaidi, na dripu itaipandisha imdhuru mtoto. Mwezi huu sikwenda. Mume wangu naye anauliza seli za kinga zina kazi gani hasa kwenye mimba, na kama mtoto atazaliwa na ugonjwa huu.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, na hongera. Nianze na la haraka: dripu uliyoiruka kaifuate wiki hii. Piga simu kliniki yako ya Mombasa kesho asubuhi, uwaambie mimba ina wiki ngapi na mara ya mwisho ulitundikiwa lini. Kingamwili unazopata kwenye dripu hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Aliyekaa wiki saba au nane bila kutundikiwa amebaki na chache mno, na mimba si wakati wa kukaa hivyo.

Sasa tuje kwa mavyaa. Usimbishie kwa dharau, maana maneno yake hakuyaokota njiani. Mwaka 1953 mwanasayansi wa Uingereza, Peter Medawar, aliuliza swali ambalo mpaka leo halijamalizika: mtoto tumboni nusu yake ni ya baba, na figo ya mumeo ukipandikizwa mwili wako utaikataa, basi mtoto hukaaje miezi tisa asikataliwe? Alipendekeza majibu matatu, na moja lilikuwa kwamba kinga ya mama hulegea wakati wa mimba. Hilo ndilo lililopendwa na watu. Likaingia vitabuni, likaingia kliniki, likafika barazani. Limepitwa na wakati. Kinga ya mjamzito inafanya kazi, na mahali inapofanya kazi kwa bidii zaidi ni humo humo kwenye mji wa mimba.

Ukichukua kipande cha utando wa ndani wa mji wa mimba katika wiki kama hii yako, pale kondo linapojishikiza, ukakitazama kwa darubini, utakuta chembe nyeupe za damu zimejaa tele. Karibu asilimia 70 yake ni za aina moja, seli NK. Kwenye damu kazi ya seli NK ni kuua seli nyingine zilizoingiliwa na virusi au zilizoanza kugeuka saratani. Kwenye mji wa mimba hazimgusi mtoto. Seli za kondo hubeba alama ziitwazo HLA-C na HLA-G, na NK zina vipokezi vya kuzisoma, vinavyoitwa KIR. Zikishaelewana, zinaanza ujenzi. Ateri za mama zinazoleta damu kwenye kondo mwanzoni ni nyembamba na zimejipinda, kama vichochoro vya Langoni ambako punda wawili hawapishani. NK na seli za kondo kwa pamoja hulegeza kuta za ateri hizo mpaka zipanuke, na kazi hiyo inatakiwa iwe imekamilika kufikia wiki ya 20 hivi. Isipokamilika, kondo hukosa damu, mtoto hudumaa, na mama hupanda presha, pengine akafikia kifafa cha mimba.

Na hili halikuchunguzwa kwa Wazungu tu. Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na Ashley Moffett wa Cambridge, waliwachunguza wanawake wa Uganda na kuchapisha matokeo mwaka 2015: kuna jeni za KIR walizonazo Waafrika ambazo zinawakinga na presha hiyo ya mimba, na Wazungu hawana mpangilio huo. Angalia mantiki yake. Jeni zinazomkinga mama ni zile zinazozichangamsha NK. Seli zikichapa kazi, mimba hunawiri. Ingekuwa usalama wa mimba ni kinga kulala, matokeo yangekuwa kinyume.

Kuna kundi la pili la chembe nyeupe, seli T za kudhibiti, ambazo kitaalamu huitwa Treg. Hizi ndizo zinazokaribia maneno ya mavyaa wako, kwa sababu kazi yake ni kuzituliza seli T nyingine zisimshambulie mtoto kwa ajili ya ile nusu ya baba. Huongezeka mimba inapoingia. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Panya walioondolewa Treg hawawezi kubeba watoto wenye damu ngeni ya baba. Lakini hata huo utulivu ni kazi ya seli za kinga zilizo hai na zenye nguvu; mtu aliyepungukiwa na Treg hapati mimba tulivu zaidi, hupata vurugu. Makrofaji nazo zipo, kama moja ya tano ya chembe nyeupe za utando huo, zikisafisha mabaki ya ujenzi na kulinda mlango dhidi ya vijidudu. Sitakaa sana hapo.

Swali lako wewe ni: katika haya yote, kilichopungua kwangu ni kipi?

Magonjwa ya upungufu wa kinga wa kuzaliwa ni zaidi ya 400 na kila moja hugusa sehemu yake. Kwa mwenye CVID, tatizo liko kwenye seli B. Mara nyingi zipo, lakini hazikomai kufikia hatua ya kumwaga kingamwili, kwa hiyo IgG na IgA, ambazo ni aina za kingamwili, huwa chini sana. Seli NK, makrofaji na seli T za wengi wenu ni nzima. Ndiyo maana wanawake wenye CVID hushika mimba na kuzaa kama wenzao. Hata wale wachache wenye upungufu mkubwa wa NK zenyewe wameripotiwa kubeba mimba hadi kuzaa, ingawa kondo lao huhitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Hata hivyo CVID haifanani kwa kila mtu. Baadhi wana seli T pungufu au kinga inayoshambulia mwili wenyewe. Kama hujawahi kuhesabiwa seli T, B na NK, omba kipimo hicho sasa. Mashine zinazohesabu CD4 kwa wenye virusi vya Ukimwi hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, kwa hiyo hapa Pwani si jambo geni.

Dripu ina IgG za watu wengine, basi. Haiingizi seli, haizisukumi NK zako, haizipunguzi Treg. Wajawazito wametundikiwa imunoglobulini kwa miongo mingi, wakiwemo wenye kinga kamili ambao chembe zao za kugandisha damu zimeshuka. Hofu kwamba itaamsha mwili umkatae mtoto haina msingi, na hapa simung'unyi maneno.

Ninachotaka mumeo akielewe vizuri ni safari ya IgG kutoka kwako kwenda kwa mtoto, maana hapo ndipo CVID inapogusa mimba kweli. Mtoto mchanga hana kingamwili zake za maana. Anazozaliwa nazo ni za mama. Kondo lina kipokezi maalumu, FcRn, kinachoishika IgG upande wa mama na kuiachia upande wa mtoto. Kingamwili za aina ya IgM na IgA hazipiti. Uhamisho huo huanza kidogo kidogo kuanzia wiki ya 13, lakini sehemu kubwa hufanyika baada ya wiki ya 28, na wiki nne za mwisho ndizo zenye mavuno. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na IgG sawa na ya mama au kumzidi. Akizaliwa wiki ya 28 huwa na chini ya nusu. Na mama ambaye hana cha kutoa, mtoto huzaliwa mikono mitupu, hata kama yeye mwenyewe hana ugonjwa wowote, akakaa hivyo miezi ile ambayo nimonia na kuhara huua zaidi.

Chukua pepopunda. Mjamzito wa kawaida akidungwa chanjo ya pepopunda kliniki, mwili wake hutengeneza kingamwili na kumpitishia mtoto, naye akikatwa kitovu yuko salama. Wewe ukidungwa sindano ile ile huenda mwili usitengeneze chochote. Kitabu chako cha kliniki kitaandikwa umechanjwa, muuguzi ataridhika, na mtoto atakuwa hana kinga. Kinachomkinga wako ni kingamwili za pepopunda zilizomo kwenye dripu, zilizotoka kwa maelfu ya wachangiaji wa plazma. Chanjo kubali, haidhuru, lakini usiitegemee.

Kiasi nacho kitabadilika. Kawaida ni miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo ya uzito, kila wiki tatu au nne, kwa hiyo mwenye kilo 60 hupata gramu 24 hadi 36. Mimba inapokua uzito hupanda, maji ya damu huongezeka na kuzizimua kingamwili, na mtoto anavuta zake. Dozi ya zamani haitatosha. Wengi wetu hupima IgG mara kwa mara na kuongeza dozi au kufupisha muda, hasa kuanzia wiki ya 28, na kupanga dripu moja iangukie wiki za mwisho kabla ya kuzaa. Damu ya kipimo itolewe siku ya dripu, kabla chupa haijafunguliwa. Ikitolewa baada, namba itapendeza na haitakuwa na maana. Tunataka kujua kiwango chako kinaposhuka chini kabisa, na wengi hulenga kisipungue gramu 7 kwa lita. Siku hiyo kunywa maji ya kutosha, maana imunoglobulini huzidisha kidogo hatari ya damu kuganda, na mimba nayo inazidisha. Ikiangukia Ramadhani, usifunge siku ya dripu. Mja mzito ana ruhusa yake.

Najua Mombasa ni mbali kwa mtu wa Amu: boti hadi Mokowe, kisha basi la kutwa. Ukikubaliana na daktari wako dawa ije utundikiwe hospitali ya King Fahd hapo Amu, chunga usafirishaji. Chupa nyingi hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu huogopa joto tu, lakini barafu huiharibu dawa hii vile vile. Kwenye kisanduku cha baridi, pakiti ya barafu isigusane na chupa; zungushia leso katikati. Chupa iliyoganda hata mara moja hutupwa, hata kama imeyeyuka na inaonekana safi. Na boti ikipiga mawimbi, kipakate kisanduku, usikiache chini kikatikisika, kwa sababu dawa hutoa povu. Kwanza uliza aina yako. Zipo chupa zinazovumilia hadi nyuzi 25 kwa muda.

Kuna jambo dripu haiwezi, nalo ni kubwa kwa mtu wa Pwani. Plazma nyingi ya imunoglobulini hutoka Marekani na Ulaya, kwa watu wasiokutana na malaria maishani. Kingamwili za surua zimo, za pepopunda zimo, za malaria usizitarajie. Mimba ya kwanza ndiyo iliyo hatarini zaidi na malaria ya kondo, kwa sababu vimelea hujishika kwenye kondo kwa protini ambayo mwili wa mama huizoea mimba hadi mimba. Wewe ni mimba ya kwanza, na mwili wako hauzoei kirahisi. Kondo lenye malaria pia hupitisha IgG kidogo. Kwa hiyo neti kila usiku, hata kaskazi ikipuliza ukaona mbu wametoweka.

Vidonge vya SP, vya kuzuia malaria, utapewa kliniki kuanzia wiki ya 13. Lakini nikuulize: daktari alikuwekea Septrin ya kila siku kwa ajili ya kifua? Kama ndiyo, sema mlangoni. SP na Septrin hazimezwi pamoja, zote zina salfa na madhara hujumlishana. Wahudumu wanaijua kanuni hii kwa wenye virusi vya Ukimwi, lakini kwa ugonjwa wako, ambao wengi hawajauona, huenda asiulize mtu.

Vipimo vya kliniki vitakuchanganya pia. Kipimo cha haraka cha virusi vya Ukimwi hutafuta kingamwili. Kwa mtu asiyezitengeneza, jibu la kuwa hana virusi halina uzito, na anayetaka uhakika apimwe PCR, kinachotafuta virusi vyenyewe. Kipimo cha kaswende huenda kikasema ndiyo kwa sababu ya kingamwili za mchangiaji, ukarudi nyumbani na ugomvi usio na kichwa wala miguu. Waambie umetundikiwa imunoglobulini, na mwambie mumeo mapema. Kipimo cha haraka cha malaria na kile cha homa ya ini B, HBsAg, hutafuta kimelea au kirusi chenyewe, kwa hiyo hivyo viamini.

Homa ikifika nyuzi 38, au kikohozi kikibadilika rangi, usilale nacho mpaka asubuhi. Panga leo nani ana boti na nani atashika usukani usiku. Kuzaa, zaa kwa njia ya kawaida. CVID peke yake si sababu ya kupasuliwa. Lakini chembe za kugandisha damu zihesabiwe wiki chache kabla, kwani kwa wenye CVID huweza kushuka, na daktari wa nusukaputi anahitaji kujua kabla hajakudunga mgongoni. Mimi ningependa uzalie Mombasa, au uwe umeshahamia kwa jamaa huko kufikia wiki ya 37.

Maziwa yako yatakuwa na IgA kidogo, maana seli za titi zinazoitengeneza ni za ukoo ule ule uliopungukiwa. Nyonyesha vilevile, na dang'a usiikamue ukaitupa. Kuna laktoferini, laisozaimu, sukari maalumu na seli hai ambazo hakuna maziwa ya kopo yatakayokupa.

Na mtoto, je? Kwa familia nyingi CVID humpata mtu mmoja tu na haina jeni moja inayojulikana, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba atakuwa mzima. Kupima IgG yake siku ya kuzaliwa hakutasema lolote juu yake, kwa sababu inayopimwa ni yako. Lakini waulizeni wazee wa pande zote mbili swali hili bila kuoneana haya: kuna watoto, hasa wa kiume, waliokufa wachanga kwa nimonia au kuhara kusikoisha? Kama jibu ni ndiyo, au kama wewe na mumeo ni wakoi, watoto wa ndugu, mtoto asidungwe BCG, chanjo ya kifua kikuu, kabla ya kumwona daktari. BCG ni vijidudu hai, na kwa mtoto asiye na seli T husambaa mwilini. Hesabu ya kawaida ya damu, ile inayofanyika hospitali yoyote, huonyesha ana limfosaiti ngapi, kundi la chembe nyeupe ambamo seli T zimo, na zikiwa chini ya 3,000 kwa maikrolita hapo tunasimama na kuchunguza. Kama ukoo hauna historia hiyo, kwa kawaida BCG hupewa bila kuchelewa.

Matone ya polio ni shauri lako zaidi kuliko lake. Virusi vya matone ni hai, mtoto huvitoa kwenye choo kwa wiki kadhaa, na wewe ndiye unayembadili nepi. Kwa watu wasio na kingamwili virusi hivyo vimewahi kukaa tumboni miaka. Omba apewe polio ya sindano badala ya matone, na uandikiwe barua kabla hujajifungua, kwa sababu matone ya kwanza hutolewa mtoto akizaliwa na muuguzi wa zamu hatakuwa na muda wa kukusikiliza. Virusi vya chanjo ya rota, ile ya kuzuia kuhara, navyo hutoka kwenye choo, ila hiyo apewe. Nepi za majuma hayo abadili mumeo au mavyaa. Ya surua ya miezi 9 haiambukizi watu wa nyumbani, mpeleke siku yake.